Alifutwa na Nani? Sarufi ya Utakaso wa Kisiasa katika Kumbukumbu za Kitale na Bungoma

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa mapema kwamba kauli ya kutendwa humruhusu msemaji kumtaja mtendwa na kumwacha mtenda. "Mlango umefungwa" ni sentensi kamili ijapokuwa haimtaji aliyeufunga. Katika darasa la sarufi jambo hili halimdhuru mtu. Katika historia ya siasa hali ni tofauti, kwa kuwa aliyeachwa nje ya sentensi huenda pia akaachwa nje ya mahakama.

Makala haya yanachunguza jinsi lugha ilivyotumika kuwaondoa watu katika siasa za Kenya. Mifano imetolewa katika maisha ya viongozi watatu waliochipuka Bungoma, ambao mmoja wao aliwakilisha Kitale Bungeni. Nao ni Elijah Masinde, Masinde Muliro na Elijah Mwangale. Hoja kuu ni kwamba lugha ya utakaso wa kisiasa huacha pengo katika sehemu mbili. Kwanza, humtaja mtendwa bila mtenda. Pili, humtaja mtenda bila tendo.

2.0 Dhana ya utakaso

Utakaso wa kisiasa ni hali ya chama au dola kuwaondoa watu wake yenyewe kwa madai kwamba wamekuwa hatari kwake. Mfano unaojulikana zaidi duniani ni ule wa Umoja wa Kisovieti chini ya Stalin. Neno la Kirusi lililotumiwa, chistka, lina maana ya usafishaji. Tayari neno hilo limekwisha kutoa hukumu, kwani kinachosafishwa huwa ni uchafu. Kwa mujibu wa kumbukumbu za vyombo vya usalama vya nchi hiyo, zaidi ya watu 680,000 walihukumiwa kifo katika miaka ya 1937 na 1938 pekee. Jamaa za wengi kati yao waliambiwa kwamba mpendwa wao amefungwa miaka kumi bila haki ya kuandikiana barua. Maana halisi ya maneno hayo ilikuwa kwamba amekwisha kupigwa risasi. Nikolai Yezhov, aliyesimamia mauaji hayo, naye aliuawa mwaka 1940, na picha yake ikafutwa katika picha aliyokuwa amepigwa kando ya Stalin.

Kenya haikupitia maafa ya kiasi hicho, na kulinganisha idadi kungekuwa kuwakosea heshima waathiriwa wa pande zote mbili. Linaloweza kulinganishwa ni usemi.

3.0 Mtendwa bila mtenda

3.1 Elijah Masinde

Utaratibu huu haukuanza na uhuru. Elijah Masinde wa Kimilili, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, alipinga kazi ya lazima na maagizo ya serikali ya kikoloni wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1945 alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, akakaa huko hadi 1947. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi, na watu 11 wakauawa. Masinde alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, mbali kabisa na Mlima Elgon.

Inafaa kuzingatia neno "mwendawazimu" katika kisa hiki. Mtu akiisha kuitwa hivyo, maneno yake hayahitaji kujibiwa. Miongo miwili baadaye dola ya Kisovieti ilitumia mbinu hiyo hiyo kwa kuwafungia wapinzani wake katika hospitali za wagonjwa wa akili. Serikali ya Kenya huru nayo ilimfunga Masinde tena, na mwaka 1968 dini yake ikapigwa marufuku upya. Alifariki mwaka 1987. Wakoloni walikuwa wameondoka, lakini vitenzi vilivyomhusu vilibaki vile vile: alikamatwa, alifungwa, alihamishwa.

3.2 Bunge la mwaka 1975

Tarehe 2 Machi 1975 mbunge wa Nyandarua Kaskazini, Josiah Mwangi Kariuki, alionekana kwa mara ya mwisho jijini Nairobi. Kwa siku kadhaa ilisemekana kwamba ametoweka na kwamba huenda amesafiri kwenda Zambia. Kitenzi "kutoweka" hakimdai mtenda mwingine, kwani anayetoweka huonekana kama aliyejiondoa mwenyewe. Baadaye mwili wake "ulipatikana" katika vilima vya Ngong. Kitenzi hiki pia hakisemi aliyeuweka huko.

Bunge liliunda kamati ya uchunguzi chini ya uenyekiti wa Elijah Mwangale, mbunge wa Bungoma Mashariki. Kazi ya kamati hiyo, kwa lugha ya sarufi, ilikuwa kumrejesha mtenda katika sentensi. Ripoti iliwasilishwa mwezi wa Juni, lakini kabla ya hapo majina ya watu wawili wa karibu na Rais Jomo Kenyatta yalikuwa yameondolewa. Hata hivyo, wabunge wengi walipiga kura ya kuikubali. Miongoni mwao alikuwemo Masinde Muliro, mzaliwa wa Matili karibu na Kimilili, mbunge wa Kitale Mashariki na Waziri wa Ujenzi. Pamoja na waziri wasaidizi Peter Kibisu na John Keen, Muliro alifutwa kazi kwa kupiga kura dhidi ya msimamo wa serikali.

Kiswahili kina neno fasaha mno hapa. "Kufuta" ni kuondoa maandishi ubaoni. Anayefutwa kazi hafukuzwi tu. Huachwa kama mahali palipokuwa na neno, na sasa hapana kitu.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, mbunge wa Butere, Martin Shikuku, alisema Bungeni kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Alitumia kauli ya kutendwa bila kumtaja mtenda. Mara hii wakubwa waliikataa kauli hiyo, wakadai athibitishe. Naibu Spika Jean-Marie Seroney, aliyekuwa kitini, alijibu kwamba jambo lililo wazi halihitaji uthibitisho. Wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini hadi Desemba 1978. Kiswahili kilikuwa kimefanywa lugha ya Bunge tangu Julai 1974. Mapambano haya juu ya nani atajwe na nani asitajwe kwa hiyo ni sehemu ya historia ya lugha hii, na hayafai kuachiwa wanahistoria peke yao.

4.0 Mtenda bila tendo

Pengo la pili lilidhihirika mwaka 1983. Mwezi wa Mei Rais Daniel arap Moi alitangaza katika mkutano wa hadhara huko Kisii kwamba kuna mtu anayeandaliwa na mataifa ya kigeni ili atwae uongozi wa nchi. Neno lililoenea nchini lilikuwa "msaliti". Kwa majuma kadhaa lilivuma majukwaani bila jina.

Kimofolojia, "msaliti" ni nomino ya mtenda. Hudokeza kwamba tendo limekwisha kufanyika, ingawa halielezi lilifanyika lini wala vipi. Neno la namna hii ni kama kanzu isiyo na mwenyewe, kwa kuwa yeyote anaweza kuvishwa. Mwezi wa Juni, Bungeni, aliyelitaja jina alikuwa Elijah Mwangale, akimtaja Charles Njonjo, Waziri wa Masuala ya Katiba. Njonjo alipoteza wadhifa wake. Tume ya uchunguzi iliundwa baadaye, na Moi akamsamehe Desemba 1984. Jina lilitangulia, uchunguzi ukafuata.

Kisa hiki hakiruhusu wasomaji kugawa watu katika makundi mawili ya wema na waovu. Njonjo alikuwa Mwanasheria Mkuu wakati Shikuku na Seroney walipowekwa kizuizini. Mwangale aliyeongoza msako wa watenda mwaka 1975 ndiye aliyemjazia jina mtenda aliyetangazwa mwaka 1983. Kazi ya kwanza ilitaka ushahidi kabla ya jina. Ya pili ilitanguliza jina. Tofauti hiyo ndiyo tofauti ya uchunguzi na utakaso, nayo yaweza kuonekana katika maisha ya mtu mmoja.

5.0 Jina uwanjani

Masinde Muliro alirudi katika mapambano ya vyama vingi na kuwa miongoni mwa waasisi wa FORD mwaka 1991. Alifariki tarehe 14 Agosti 1992 katika uwanja wa ndege wa Nairobi, akitoka London. Leo jina lake limo katika uwanja wa michezo wa Kanduyi, Bungoma, na katika chuo kikuu cha Kakamega. Heshima hiyo inamstahili. Lakini jina peke yake ni nomino isiyo na kitenzi. Kijana anayetazama mpira Kanduyi hulisoma jina la Muliro langoni bila kusoma kwamba mwaka 1975 waziri huyu alichagua kupoteza cheo kuliko kusaidia kumficha muuaji. Kumbukumbu ya aina hii humrejesha mtu na kuliacha nje tendo lake.

6.0 Hitimisho na zoezi

Makala haya yameonyesha kwamba utakaso wa kisiasa hutegemea sarufi kama unavyotegemea polisi. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ambayo ripoti yake ilikabidhiwa Rais mwaka 2013, ilikusanya ushahidi mwingi wa dhuluma za miongo hiyo. Sehemu kubwa ya ushahidi wa Kitale na Bungoma, hata hivyo, imo vinywani mwa wazee, na wazee hawangoji.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anaweza kuanza na zoezi dogo. Na aketi na mzee mmoja wa Kimilili, Malakisi au Kitale, arekodi masimulizi yake kwa idhini yake, kisha apigie mstari kila kitenzi chenye kiambishi cha kutendwa. Mbele ya kila kimoja aulize: na nani? Pale penye nomino kama "msaliti" au "mwendawazimu", aulize: kwa kutenda nini? Jibu likipatikana, liandikwe pamoja na ushahidi wake. Lisipopatikana, pengo liachwe wazi na lionyeshwe kuwa ni pengo. Kulijaza kwa kukisia kutakuwa ni kuendeleza desturi ile ile iliyowafuta wengine.