Kabla ya Kukata Ua, Angalia Viota

Ua wa shamba katika kaunti za Kisii na Nyamira una kazi nyingi. Hutenganisha shamba la ndugu na ndugu, huzuia ng'ombe wa jirani na hutoa kuni. Lakini kwa kuwa ardhi imegawanywa hadi familia nyingi zikabaki na kipande kisichofika ekari moja, ua huo umekuwa pia kichaka cha mwisho kilichosalia. Chini ya mikaratusi hakuna pa kuficha kiota. Ndege wadogo wamehamia kwenye lantana, saiprasi na kayaba za mipakani.

Mmoja wao ni shore, ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, ambaye huanza kelele mapema kabla ya watu kuamka. Hujenga kiota chake kama kikombe kidogo cha nyasi na vijiti, kisha hutaga mayai 2 au 3. Huatamia kwa takriban wiki mbili, na makinda hulishwa kiotani kwa muda kama huo. Chakula chao ni pamoja na wadudu na viwavi, wakiwemo wale wanaotoboa sukuma wiki. Mwenye shamba basi anaombwa kusubiri mwezi mmoja hivi, tena kwa sehemu yenye kiota tu.

Nchini Uingereza, wakazi hushauriwa waepuke kupogoa nyua kuanzia Machi hadi Agosti. Kalenda hiyo haiwezi kunakiliwa hapa. Ndege wengi wa nyanda hizi hutaga mvua inaponyesha, na Kisii mvua haikomi kabisa. Masika ya Machi hadi Mei ndiyo hatari zaidi, kisha vuli, na usafi wa Desemba kabla ya wageni wa Krismasi huweza kukuta makinda bado kiotani. Januari na Februari ndiyo miezi yenye nafuu. Hata hivyo, kiota kinaweza kupatikana mwezi wowote, kwa hiyo kukagua ni muhimu kuliko kalenda.

Ukaguzi si kazi kubwa. Asubuhi, simama hatua chache kutoka kwenye ua kwa dakika kumi na tano. Ndege anayeingia mahali pale pale akiwa na mdudu au unyasi mdomoni amekwisha kukuonyesha kiota. Inama pia utazame matawi kutoka chini. Fanya hivyo kabla ya kupatana bei na kibarua, kwani anayelipwa kwa urefu wa ua hana sababu ya kusimamisha panga.

Ukipata kiota, acha hatua mbili au tatu kila upande bila kukata. Kukwepa kiota chenyewe pekee hakutoshi: matawi yakiisha, makinda hubaki wazi kwa jua, paka, kunguru na mvua ya mawe, ambayo wakulima wa huku wanaijua vizuri. Usihamishe kiota, kwa sababu mzazi hurudi mahali alipokiacha. Kikiwa kimeanguka na makinda yako hai, kirudishe papo hapo na kukifunga kwa kamba. Si kweli kwamba mama huwatupa watoto kwa sababu mtu amewashika.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inapotaja mnyama, inajumuisha pia makinda na mayai yake. Mayai ya kiotani, basi, si mchezo wa watoto.

Yupo ndege mwenye kesi: pasa, mwenye mkia mrefu kama wa panya, anayeharibu mapera, nyanya na mboga. Malalamiko ya wakulima ni ya haki. Neti juu ya kitalu humzuia vizuri kuliko kuchoma ua, kwa kuwa moto hauchagui kiota cha pasa na cha shore.

Jambo la mwisho ni mpaka. Sehemu ya ua isiyokatwa inaweza kumfanya jirani adhani unasogeza alama. Mwonyeshe kiota kabla hujaanza kazi na mkubaliane siku ya kurudi kumalizia. Makinda yakisharuka, subiri siku chache zaidi, maana hukaa chini ya ua huo huo yakilishwa huku yakijifunza kuruka.