Fiziotherapia kabla ya kuumia: nani aende, wapi, na ajiandae na shilingi ngapi

Asubuhi yoyote ya siku ya kazi, benchi la nje ya idara ya fiziotherapia kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa huwa limejaa. Utamkuta kijana aliyetolewa plasta baada ya ajali ya bodaboda, mzee aliyepooza upande mmoja kashikwa mkono na mwanawe, na mama aliyempakata mtoto aliyechelewa kukaa. Wote wameletwa na jambo ambalo limeshatokea. Anayekosekana pale ni mtu anayetembea vizuri, aliyekuja kuuliza afanye nini ili asije akaletwa. Makala haya ni ya huyo, na huenda huyo ni wewe, au mzazi wako aliyeko kijijini.

Fiziotherapia ni nini hasa? Ni tiba inayotumia mazoezi yaliyopimwa kulingana na mwili wako, mikono ya mtaalamu, maelekezo ya namna ya kukaa, kuinama na kubeba, na wakati mwingine vifaa vya joto au umeme mdogo. Wengi wetu tunaiita tu "mazoezi", kama mtu anavyosema "daktari kaniandikia mazoezi". Kwenye mabango ya hospitali za Tanzania unaweza pia kukuta neno utengemao, ambalo ni pana zaidi: linajumuisha huduma zote za kumrudishia mtu uwezo wa kufanya shughuli zake. Wengine wanaichanganya na kuchuliwa. Kuchua kunaweza kuwamo, lakini ni kipande kidogo. Mtaalamu wa fiziotherapia amekaa chuoni miaka kadhaa, na wengi wa hapa nchini wamesomea chuo cha hospitali ya KCMC, Moshi. Kazi yake ya kwanza ni kutafuta kwa nini panauma, au kwa nini patauma baadaye.

Sasa, kama siumwi, nikafanye nini huko? Swali zuri. Matatizo mengi yanayojaza lile benchi hayaji siku moja. Goti husagika miaka, mgongo hulegea miaka, na mzee hupungukiwa nguvu za mapaja kidogo kidogo mpaka siku anapoteleza bafuni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na ndiyo tatizo linaloongoza kwa kuwafanya watu washindwe shughuli zao. Dawa ya maumivu hunyamazisha maumivu tu. Nguvu za misuli haziuzwi duka la dawa.

Tuanze na mgongo, maana ndio unaowasumbua wengi. Chukua mfano wa fundi cherehani. Akifika kwa mtaalamu, ataambiwa akae kama anavyokaa kazini, na hapo mambo yanaonekana: stuli ni fupi, magoti yamepanda juu kuliko nyonga, shingo imeinamia sindano, na mguu wa kulia peke yake ndio unaokanyaga pedeli kuanzia asubuhi mpaka jioni. Ushauri atakaopewa hautamgharimu sana. Aongeze urefu wa stuli kwa kipande cha ubao na kitambaa kilichokunjwa, asogeze taa karibu ili asiinamie kazi, abadilishe mguu, na kila nusu saa asimame, ajinyooshe na kutembea hatua chache. Kisha atafundishwa mazoezi mawili matatu ya kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo, ayafanye nyumbani.

Kazi nyingine zina dawa zao. Anayefua aweke beseni juu ya meza au ndoo iliyofunikwa, asifue akiwa ameinama mpaka chini. Anayebeba gunia alisogeze kwanza karibu na mwili, akunje magoti, na akitaka kugeuka ageuze miguu, asijipinde kiuno. Mtu wa ofisini aweke kompyuta usawa wa macho. Dereva wa bodaboda ashuke kwenye pikipiki anaposubiri abiria, badala ya kushinda juu yake.

Na kama mgongo umeshaanza kuuma? Usilale kitandani siku nzima ukingoja upone. Endelea na shughuli nyepesi, tembea, halafu nenda kapimwe. Hapa niseme neno kuhusu mikanda ya kiuno inayotembezwa vituo vya mabasi. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno, yaani yale yanayozidi miezi mitatu, na mikanda pamoja na mashine za kuvuta mgongo imo katika vitu ambavyo mwongozo huo unashauri visitumike kama tiba ya kawaida. Unachopendekeza ni mazoezi na elimu. Pesa ya mkanda, kwa maoni yangu, ni heri iwe nauli ya kwenda kumwona mtaalamu.

Sasa wazee, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo kinga inapolipa kuliko popote. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, mara nyingi harudi alivyokuwa, na nyumba nzima hubadilika: kuna wa kumhudumia usiku, wa kumpeleka msalani, wa kuacha kazi. Tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja mwaka 2019 zilionyesha kuwa mazoezi ya nguvu na ya kujizuia kuyumba hupunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu robo. Hakuna kidonge kinachofanya hivyo.

Unaweza kumpima mzee wako nyumbani leo. Egemeza ukutani kiti kisicho na mikono, cha urefu wa kawaida. Mzee akae katikati ya kiti, mikono aikunje kifuani, kisha asimame wima na kukaa, asimame na kukaa, kwa sekunde 30. Wewe simama kando yake tayari kumdaka, na uhesabu anasimama mara ngapi. Kwa mwenye miaka 60 hadi 64, mwanamke akiwa chini ya mara 12 au mwanamume chini ya mara 14, nguvu za miguu zimepungua. Kwa mwenye miaka 70 hadi 74, kiwango ni 10 kwa mwanamke na 12 kwa mwanamume. Akishindwa kabisa kusimama bila kujisukuma kwa mikono, jibu umelipata.

Kipimo cha pili: pima mita 3 kutoka kwenye kiti, weka alama. Mzee ainuke, atembee mwendo wake wa kila siku mpaka kwenye alama, ageuke, arudi na kukaa. Akitumia fimbo, aitumie. Ikichukua sekunde 12 au zaidi, yuko katika hatari ya kuanguka, na hiyo ni sababu tosha ya kumpeleka kwa mtaalamu hata kama hajawahi kuanguka.

Wakati mnapanga safari, angalieni nyumba. Mkeka uliojikunja pembeni, kandambili zilizolika mpaka zimekuwa laini, sakafu ya bafu yenye utelezi wa sabuni, njia ya choo cha nje isiyo na taa. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea bomba la kushikilia ukutani mwa choo kwa bei ya maelewano. Taa ndogo ya sola njiani nayo inasaidia sana. Mwulizeni pia daktari kuhusu dawa za presha au za usingizi kama mzee anasikia kizunguzungu anapoinuka, msiziache wenyewe.

Mazoezi ya kuanzia ni yale ambayo mzee anaweza: kuinuka kwenye kiti mara kadhaa, kuinua visigino akiwa ameshika meza nzito, kusimama kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine huku ameshika ukuta. Kwa wenye miaka 65 na kuendelea, Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya aina hii siku 3 au zaidi kwa wiki. Sisi wengine, watu wazima kwa jumla, tunashauriwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kutembea haraka, kulima, kuendesha baiskeli au kazi nyingine ya kupandisha pumzi, pamoja na siku 2 za kuimarisha misuli. Vifaa visikutishe. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ni uzito wa kutosha, na mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ukikatwa na kuoshwa, unavutika vizuri tu.

Wajawazito na waliojifungua wana jambo lao ambalo huzungumzwa kwa kunong'ona: mkojo kuponyoka ukikohoa au ukicheka. Si aibu, na wala si lazima uishi nalo. Kaza ile misuli ambayo ungeitumia kuzuia mkojo, hesabu kidogo, achia. Fanya mara 8, kwa awamu 3 kila siku, kwa miezi isiyopungua 3, na usifanye wakati unakojoa. Kuanza tangu ujauzito hupunguza uwezekano wa tatizo kutokea. Ukiona huelewi ni misuli ipi, muulize mtaalamu wa kike kama ndivyo utakavyokuwa huru zaidi.

Mwenye kisukari aende ajifunze kukagua nyayo na kuchagua viatu kabla ganzi haijamletea kidonda. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani apelekwe katika wiki zake za kwanza. Hufungwa plasta inayobadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa, kisha huvalishwa viatu maalumu usiku mpaka afikishe miaka 4 hivi. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT inajulikana kwa huduma hiyo.

Kuna dalili ambazo hutakiwi kuanza nazo kwa mazoezi. Maumivu ya mgongo yakija pamoja na kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, ganzi sehemu za siri, au miguu kulegea ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo. Kumwona daktari mapema pia ni lazima kama una homa, unapungua uzito bila sababu, maumivu yanazidi usiku, umewahi kuugua saratani, au yameanza baada ya kuanguka. Kwetu huku kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo, na huko kuchuliwa hakusaidii kitu. Kifua kikibana unapofanya mazoezi, acha mara moja ukapate huduma.

Uanzie wapi? Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ueleze shida, uombe barua ya rufaa kwenda kwenye fiziotherapia. Zahanati nyingi hazina mtaalamu huyo. Hospitali za rufaa za mikoa, za kanda na ile ya taifa, Muhimbili, ndizo zenye idara zake, na baadhi ya hospitali za wilaya pia. Kliniki binafsi hupokea mtu bila barua, ila ni haki yako kuomba kuona leseni ya anayekuhudumia. Kwa msomaji wa Kenya, wataalamu husajiliwa na baraza lao lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na huduma hupatikana katika hospitali za kaunti.

Gharama hutofautiana sana kati ya hospitali ya umma na kliniki binafsi, kwa hiyo piga hesabu kabla hujakaa kwenye kitanda. Uliza mambo manne: kumwona mtaalamu mara ya kwanza ni kiasi gani, kila mara nitakayorudi ni kiasi gani, natarajiwa kurudi mara ngapi, na kuna kifaa cha kununua? Ongeza nauli, mara nyingi ndiyo inayowashinda watu. Ikiwa nauli ni tatizo, liseme siku ya kwanza. Mtaalamu anaweza kukupangia mazoezi ya nyumbani na kukuita baada ya wiki tatu badala ya mara mbili kwa wiki, hasa kwa mtu aliyekuja kwa ajili ya kinga.

Mwenye bima asidhani kadi inamaliza kila kitu. Uliza kama kifurushi chako kinagharimia fiziotherapia, kwa mara ngapi, na kama kibali kinahitajika kwanza. Kwa sera ya Tanzania, watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wamesamehewa malipo katika vituo vya umma. Mzee abebe kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, na mkikwama dirishani mwulizieni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Tarehe 8 Septemba ni Siku ya Fiziotherapia Duniani. Ulizia hospitali iliyo karibu kama kutakuwa na upimaji wa bure siku hizo.

Siku ya kwenda, vaa nguo nyepesi inayoruhusu goti na bega kuonekana. Kina mama wachukue bukta au taiti ya kuvaa chini ya kanga. Chukua dawa zote unazotumia, picha za eksirei kama unazo, na viatu unavyovaa kila siku, hata kama vimechakaa, kwa sababu soli iliyolika upande mmoja humweleza mtaalamu mengi. Tenga nusu saa hadi saa nzima ya kupimwa, mbali na foleni. Kabla hujaondoka, fanya kila zoezi mbele ya macho ya mtaalamu, na umwombe mjukuu au kijana uliyefuatana naye akurekodi kwa simu, mpate kulinganisha nyumbani.