Basenji, Mbwa Asiyebweka

Neno "mshenzi" hakuna apendaye kuitwa. Lakini yuko mbwa mmoja mdogo wa kuwinda ambaye dunia nzima humwita kwa jina hilo, na watu wa Ulaya na Marekani humnunua kwa fedha nyingi. Ndiye basenji. Jina lake limetoka Kongo: kwa Kilingala basenji ni watu wa porini, nalo ni ndugu wa neno letu washenzi. Wakongo wengi wanaokaa Nakivale, si mbali na hapa kwetu Ruharo, wataelewa jina hilo mara moja.

Kwao ni misitu ya Kongo, hasa upande wa Ituri na Uele, na nchi ya Wazande hata kusini mwa Sudan. Wambuti wa Ituri huwinda kwa nyavu. Watu hutega nyavu, mbwa huingia kichakani na kumtimua paa mpaka anaswe. Na kwa kuwa mbwa huyu habweki, hufungwa kengele ya mti shingoni, ili mwindaji ajue alipo. Msafiri Mjerumani Georg Schweinfurth, aliyefika kwa Wazande mwaka 1870, aliwaona mbwa wadogo wa namna hii.

Msomaji asidhani kwamba basenji ni bubu. Hunguruma, hulia, na akifurahi hutoa sauti ya ajabu kooni, kama mtu anayeimba na kucheka kwa pamoja. Umbo la zoloto lake ndilo limzuialo kubweka kama wenzake. Kimo chake ni kama sentimita 40 hadi 43 begani, na uzito kilo 10 au 11. Masikio yamesimama, mkia umejikunja kama pete juu ya kiuno, manyoya ni mafupi, na akisikiliza jambo paji lake hufanya makunyanzi kama mzee anayefikiri. Wengi ni wekundu wenye miguu myeupe. Wako pia weusi, na wenye milia.

Safari yake ya ng'ambo haikuwa nyepesi. Wawili walionyeshwa London mwaka 1895, wakafa upesi kwa ugonjwa wa distempa. Bibi Olivia Burn alifaulu kuwafikisha wengine Uingereza, na mwaka 1937 wakaonyeshwa, watu wakasongamana kuwatazama. Mwaka 1959 Bibi Veronica Tudor-Williams alisafiri mpaka kusini mwa Sudan kutafuta damu mpya. Maana hapo ndipo ilipokuwa shida: mbwa waliozaa kizazi kizima cha ng'ambo walikuwa wachache mno, ndugu wakazalishwa na ndugu. Ukaenea ugonjwa wa figo uitwao Fankoni, ambao huipitisha sukari na chumvi za mwili zikatoka na mkojo. Dalili yake ya kwanza ni mbwa kunywa maji kupita kiasi na kukojoa sana, mara nyingi akiwa amekwisha kuwa mtu mzima. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wamarekani walirudi Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, wakachukua mbwa wa vijijini, na mwaka 1990 mbwa hao wakakubaliwa katika daftari la ukoo. Basi wenye mbwa wa fahari walikuja kuomba damu kwa wale walioitwa washenzi.

Nasi tumo katika habari hii. Mwaka 2009 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi wa damu ya mbwa wa vijijini zaidi ya 300 kutoka Misri, Namibia na hapa Uganda. Walikuta kwamba basenji ni ndugu wa kweli wa mbwa wa asili wa Afrika, ilhali mbwa wengine wanaouzwa kwa sifa ya Uafrika damu yao kubwa ni ya Ulaya. Simaanishi kwamba kila mbwa koko apitaye sokoni Mbarara ni basenji. Lakini kijana amrushiaye jiwe, huku akitamani mbwa wa picha za magazeti, hajui anachokitupa.

Kwa tabia, basenji hujisafisha kama paka na hanuki. Ni mwerevu, ila utii wake ni wa hiari. Ukimwita hufikiri kwanza. Kwa wageni hujitenga, kwa watu wake ni mpole. Akikosa kazi hutafuna viatu, na ua mfupi huupanda. Kuku wa jirani hawako salama naye, na hafai kuachwa huru karibu na hifadhi ya Ziwa Mburo, maana sheria ya mwaka 2019 inakataza kuwinda bila kibali. Jike hupata joto mara moja kwa mwaka, ilhali mbwa wengi hupata mara mbili.

Matunzo yake ndiyo yampasayo mbwa yeyote wa kwetu. Posho tupu haitoshi. Achanganyiwe nyama, matumbo au dagaa, na mifupa iliyopikwa asipewe, kwani hupasuka na kuchoma utumbo. Apewe dawa ya minyoo, atolewe kupe kila siku, na usiku apate mahali pakavu, maana manyoya yake mafupi hayazuii baridi. Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha irudiwe kama daktari wa mifugo aagizavyo. Mtu akiumwa na mbwa asiyejulikana, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo. Kichaa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna aponaye.

Anayetaka mlinzi wa usiku atafute mbwa mwingine. Mwizi akipita, basenji atainuka, atasimamisha masikio, paji litakunjamana, na mwenye nyumba ataendelea kulala.