Gari dogo la mtumba: Kagua kabla fedha za korosho hazijaondoka

MINADA ya korosho inapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Oktoba, fedha za mwaka mzima huingia Masasi na Newala katika muda wa wiki chache. Ndipo bidhaa za bei kubwa nazo hupanda soko: mabati, saruji, pikipiki na magari madogo yaliyokwisha kutumika.

Kwa mwenye duka, mnunuzi wa mazao au mkulima anayetaka kubeba abiria na mizigo myepesi, gari dogo la milango mitano kama Toyota Starlet, Vitz, Passo au IST ni kitega uchumi. Linakunywa mafuta kidogo, na viti vya nyuma vikilazwa hubeba magunia kadhaa. Lakini fedha za korosho huja mara moja kwa mwaka. Atakayenunua gari bovu mwezi Desemba ataliona pengo lake katikati ya mwaka unaofuata, wakati wa kulipa vibarua wa palizi na wa kupulizia salfa. Asipopulizia kwa wakati, ubwiriunga hushambulia maua, na hasara ya gari inakuwa hasara ya shamba.

Karatasi kwanza

Ukaguzi huanzia mezani. Mnunuzi aombe kadi halisi ya gari, si nakala. Kama kadi haipo, huenda iko kwa mkopeshaji na gari ni dhamana ya deni. Namba ya chesisi na ya injini zilizoandikwa kwenye kadi zilinganishwe na zilizogongwa kwenye gari lenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Jina lililo kwenye kadi liwe la muuzaji. Likiwa la mtu mwingine, mwenye jina atafutwe kabla ya malipo, kwa sababu ndiye anayetambuliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Deni la faini za usalama barabarani nalo liangaliwe kwa namba ya gari.

Wengi hudanganyika na herufi za namba ya usajili. Namba ya D au E huonyesha tu kwamba gari limesajiliwa Tanzania baadaye kuliko lile la B au C. Haionyeshi mwaka wa kutengenezwa. Gari la mwaka 2003 linaweza kubeba namba mpya kwa sababu tu lilichelewa kuingia nchini.

Injini ikaguliwe ikiwa baridi

Mnunuzi afike asubuhi na aguse boneti. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha, na huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Arudi baadaye injini ikiwa imepoa.

Injini ikiwa baridi, kifuniko cha rejeta kifunguliwe. Maji yenye rangi ya kutu yanaonyesha kwamba gari limekuwa likitiwa maji ya kawaida badala ya maji maalumu ya rejeta. Jambo hili lina uzito wa pekee Newala. Maji yamekuwa adimu uwandani kwa miaka mingi, na dereva aliyekwama njiani hutia yoyote anayoyapata. Mafuta yakielea juu ya maji hayo, au ute mweupe kama maziwa ukionekana chini ya kifuniko cha oili, gasketi ya silinda hedi inatiliwa shaka. Hapo bei isijadiliwe tena mpaka fundi aliyechaguliwa na mnunuzi aseme neno lake.

Gari liwashwe huku mtu mmoja akisimama nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikishapata joto ni maji yanayoingia kwenye silinda.

Starlet, ambazo uzalishaji wake ulikoma mwaka 1999, hutumia mkanda wa taimingi. Muuzaji aulizwe ulibadilishwa lini. Asipojua, gharama ya mkanda mpya iingizwe kwenye hesabu. Vitz, zilizoanza kuuzwa mwaka 1999, na IST za mwaka 2002 hutumia cheni, ambayo hudumu zaidi lakini huharibika mapema oili isipobadilishwa kwa wakati. Cheni inayogonga injini inapowashwa ni dalili mbaya.

Chini ya gari

Gari linyanyuliwe kwa jeki na kuwekewa magogo imara kabla mtu hajaingia chini. Gari lililokaa Mtwara, Lindi au Dar es Salaam limepigwa na upepo wa chumvi. Kutu itafutwe chini ya mazulia, kwenye sakafu ya buti na pembezoni mwa milango. Lililofanya kazi uwandani limekula mchanga na vumbi. Magurudumu yazungushwe na kutikiswa ili beringi, bushi na boljointi zijulikane hali yake. Shokapu inayovuja oili imekwisha.

Magari mengine yameinuliwa ili yasikwaruze njia mbovu. Si kosa, lakini jointi za ekseli za mbele hupinda kuliko zilivyokusudiwa. Usukani ukatwe hadi mwisho na gari lizungushwe polepole. Mlio wa ka-ka-ka ni wa jointi zilizochoka.

Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi, yenye urefu wa kilometa 210, imekuwa ikijengwa kwa lami kwa vipande, kuanzia kile cha kilometa 50 cha Mtwara hadi Mnivata. Hata lami ikienea, njia za kwenda vijijini kuchukua mzigo ni za mchanga na mashimo, na hizo ndizo zitakazolipima gari.

Mlima ndio fundi

Kuzunguka stendi mara mbili hakutoshi. Masasi iko chini, kati ya vilima vya mawe, na Newala iko juu ukingoni mwa uwanda. Safari ya kwenda na kurudi kati ya miji hiyo ni kipimo kikubwa kuliko vyombo vya gereji nyingi. Gari lijazwe watu wanne wazima, na muuzaji awe mmoja wao.

Wakati wa kupanda, gia ya otomatiki inayosita, kuteleza au kubadilika kwa kishindo imechoka. Baadhi ya magari haya hayana mshale wa joto. Yana taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemka, na nyekundu inapowaka madhara yanaweza kuwa yameshaanza. Taa zote za dashibodi ziwake swichi inapofunguliwa, kisha zizimike. Taa ya injini isiyowaka kabisa huenda imechomolewa makusudi.

Wakati wa kushuka hupimwa breki. Usukani ukitetemeka, diski zimepinda. Gari likivuta upande, breki hazishiki sawa. Baada ya safari oili na maji vipimwe tena.

Anayekusudia kupanda mlima huo kila siku akiwa na mzigo afikirie injini ya sentimeta za ujazo 1,300 badala ya 1,000. Ndogo huokoa mafuta mjini, lakini mlimani hulazimishwa kukoroma kwa gia nzito.

Hesabu ya mwisho

Tuchukue mfano wa hesabu. Gari la kwanza linauzwa Sh. 6,500,000, lakini linahitaji tairi, shokapu, breki na rejeta vya Sh. 1,400,000. Likikaa gereji siku 21, na kama lingeingiza faida ya Sh. 20,000 kwa siku, zinapotea Sh. 420,000 nyingine. Gharama yake halisi ni Sh. 8,320,000. Gari la pili linauzwa Sh. 7,500,000 na linahitaji huduma ya Sh. 150,000 tu. Jumla ni Sh. 7,650,000. Lililoonekana rahisi limezidi kwa Sh. 670,000.

Mnunuzi pia asichukue gari kwa ahadi ya malipo ya mnada. Katika msimu wa 2018/19 serikali iliamua kununua korosho zote kwa Sh. 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri, lakini wakulima wengi walisubiri fedha zao kwa miezi. Mwenye deni la gari hana pa kusimama akisubiri hivyo.

Mwenye subira asinunue wiki ya malipo, wakati kila mwenye gari anajua kwamba mteja ana fedha. Akikubaliana bei, mkataba uandikwe mbele ya wakili, malipo yapite benki, na sehemu ya fedha ibaki mkononi mpaka jina kwenye kadi libadilishwe.