Gesi ya Jalalani Hupimwaje?

Wengi wetu tumezoea kulipima jalala kwa pua na kwa macho. Likinuka tunasema limezidi. Moshi ukipanda tunafunga madirisha. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walichoshwa na moshi, harufu na nzi wa jalala la jiji, wakaenda Mahakama Kuu, nayo ikawapa haki. Lakini taka za jiji hazikukoma. Zilitafutiwa mahali pengine pa kutupwa.

Mwezi huu tujifunze jambo ambalo pua na macho haviwezi kutuambia: gesi itokayo katika jalala la wazi. Ni ya namna gani? Hupimwaje? Nasi nyumbani tunahusikaje?

Gesi hutoka wapi?

Maganda ya ndizi, makombo ya ugali, mboga zilizonyauka na karatasi huoza kwa kazi ya vijidudu. Pale penye hewa ya kutosha, vijidudu hivyo hutoa hasa hewa ya ukaa na joto. Lakini taka zikirundikwa na kushindiliwa, hewa haifiki chini. Huko hufanya kazi vijidudu vya aina nyingine, ambavyo hutoa gesi ya methani. Gesi ya ndani ya jalala refu huwa karibu nusu methani na nusu hewa ya ukaa.

Methani yenyewe haina rangi wala harufu. Harufu mbaya tunayoisikia ni ya gesi nyingine zinazoandamana nayo. Ikifika angani, methani huzuia joto la dunia lisitoke. Kilo moja ya methani huongeza joto takriban mara 28 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa, tukihesabu kwa miaka 100. Tukihesabu kwa miaka 20 tu, ni zaidi ya mara 80.

Njia za kupima

Kwanza ni mizani. Kila lori hupimwa linapoingia, kisha taka chache huchambuliwa ili kujua sehemu ya chakula, ya karatasi na ya plastiki. Jalala lisilo na mizani hubaki na makisio tu.

Pili ni hesabu. Tuchukue kilo 1,000 za mabaki ya chakula. Kaboni iliyomo ni karibu kilo 150. Nusu yake ndiyo huoza, yaani kilo 75. Katika jalala la wazi lenye kina cha zaidi ya mita 5, wataalamu huhesabu kwamba asilimia 80 ya kuoza huko hufanyika bila hewa: tunabaki na kilo 60. Nusu ya hizo huingia katika methani, yaani kilo 30. Kaboni hiyo ikiungana na haidrojeni, tunapata kilo 40 za methani. Jalala likiwa na kina kifupi zaidi, asilimia 80 hushuka kuwa 40, na methani huwa kilo 20. Gesi hiyo haitoki kwa siku moja. Katika nchi za joto na mvua, nusu ya gesi ya chakula hutoka katika miaka miwili hivi. Ya karatasi huchukua miaka kama 10.

Tatu ni boksi. Mpimaji hufunika boksi lisilo na kitako juu ya jalala, akaziba kingo zake kwa udongo. Kila baada ya dakika chache huvuta hewa ya ndani kwa bomba la sindano na kuipeleka maabara. Kadiri methani inavyoongezeka haraka ndani ya boksi, ndivyo inavyotoka kwa wingi pale chini.

Nne ni kupima kwa mbali, kwa mwanga wa leza, kwa ndege ndogo zisizo na rubani na kwa setilaiti. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-5P, iliyorushwa mwaka 2017, hupima methani pamoja na gesi nyingine.

Jalala la wazi ni gumu kupimwa kwa sababu lina nyufa, miteremko na mioto. Hatua chache tu kutoka mahali pasipotoa gesi, penye ufa, inaweza kufoka kwa wingi. Kwa hiyo njia moja haitoshi. Wapimaji hulinganisha njia mbili au tatu.

Afya yetu inaguswaje?

Methani ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 15, cheche moja yatosha kuleta mlipuko. Moto wa jalala huweza kufukuta chini kwa muda mrefu, ukitoa moshi wenye masizi na sumu. Plastiki ikiungua huongeza sumu hizo. Wa kwanza kuumia ni watoto, wazee, wenye pumu na wale waokotao vitu jalalani.

Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa ya uchunguzi wa watoto 328 walioishi karibu na jalala la Dandora, Nairobi. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokubaliwa wakati huo.

Tarehe 10 Agosti 2024 jalala la Kiteezi, karibu na Kampala, liliporomoka baada ya mvua kubwa na kufukia nyumba. Watu zaidi ya 30 walikufa. Mizani ile ile inayotusaidia kuhesabu gesi hutuonya pia kwamba rundo limezidi kiasi.

Tufanye nini?

Tuchukue jumuiya ya nyumba 20, kila nyumba ikitupa kilo moja ya mabaki ya jikoni kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 7,300. Zikifika zote katika jalala refu, zitatoa karibu kilo 290 za methani. Basi:

1. Tutenge mabaki ya jikoni na plastiki, kila kimoja katika ndoo yake.
2. Maganda tuyape mifugo, au tuyafanye mboji. Tuchanganye na majani makavu na kugeuza kila wiki ili hewa iingie.
3. Tusichome plastiki uani.
4. Tusiwaache watoto wacheze jalalani, wala tusiwashe moto hapo.
5. Katika mikutano ya mtaa tuulize: jalala letu lina mizani? Limefikia kimo gani? Nani anapima?

Maswali ya kujadiliana

Nyumbani kwetu tunatupa kilo ngapi za mabaki kwa siku? Tupime kwa wiki moja, kisha tufanye hesabu pamoja. Ni nani kati ya majirani zetu anayeishi karibu zaidi na moshi wa taka zetu?