Kwa Nini Kikundi Kimoja Husimama na Kingine Huanguka?

Jambo hili wengi wetu tumeliona. Kikundi kinaanzishwa kwa shangwe. Harambee inafanywa, pampu inanunuliwa, mgeni wa heshima anakata utepe. Baada ya miaka miwili mitatu pampu imenyamaza, kioski kimefungwa kufuli, na akina mama wamerudi mtoni na mitungi yao. Ukiuliza, utaambiwa, "Shida ni mwenyekiti." Basi mwenyekiti anatolewa, anawekwa mwingine, na mambo yanabaki yale yale.

Sisi wenyewe tuliwahi kukaa katika kamati ya maji ya namna hiyo. Tulibadilisha viongozi mara mbili, na bado pesa ya dizeli haikutosha. Kwa hiyo katika somo hili hebu tuache kutafuta mtu wa kulaumu, tuulize: ni nini hasa kinachofanya kikundi kidumu?

Mama aliyechunguza vikundi

Elinor Ostrom alikuwa mtaalamu wa Marekani, aliyezaliwa 1933 na kufariki 2012. Wakati wake wasomi wengi waliamini kwamba mali inayotumiwa na wote haina budi kuharibika, isipokuwa serikali iichukue au igawanywe iwe ya mtu mmoja mmoja. Yeye alikusanya habari za watu wanaotumia pamoja maji, malisho, misitu na samaki, akalinganisha waliofaulu na walioshindwa. Matokeo yake aliyaeleza katika kitabu alichotoa 1990. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata.

Aliona kwamba hakuna katiba moja inayofaa kila mahali. Lakini vikundi vilivyodumu hufanana kwa mambo kadhaa. Alitaja manane, sisi tuchukue manne.

1. Wenye haki wanajulikana. Kila mtu anajua nani ni mwanachama, nani siye, na kila mmoja anapaswa kutoa nini ili apate nini.

2. Kanuni zinalingana na mahali, na wanaozifuata wana sauti ya kuzirekebisha. Katika kijiji cha Törbel, Uswisi, wanakijiji walikubaliana mwaka 1517 kwamba mtu asipeleke malisho ya mlimani ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha mwenyewe wakati wa baridi. Ni kanuni fupi, na jirani yeyote aweza kuikagua kwa macho.

3. Kuna macho. Anayelinda ni mwanachama mwenyewe, au ni mtu anayejibu kwa wanachama. Mahali ambapo hakuna anayeangalia, hata mtu mwaminifu huanza kusema, "Mbona nijibane peke yangu?"

4. Adhabu huanza ndogo, na ugomvi humalizwa karibu. Huko Valencia, Uhispania, wakulima wana baraza lao la maji linalokutana Alhamisi mbele ya mlango wa kanisa kuu. Kesi husemwa kwa mdomo, watu wakisikia, na uamuzi hutolewa hapo hapo.

Hapa kwetu pia

Tusidhani hayo ni mambo ya ng'ambo tu. Kando ya Bonde la Kerio, Wamarakwet wamekuwa wakileta maji mashambani kwa mifereji tangu kabla ya wakoloni. Mifereji ni ya koo. Watu hupeana maji kwa zamu, na mfereji ukibomoka wanaume hutoka pamoja kuutengeneza. Lakini tusisifu kila kitu. Kwa desturi wanawake hawakuruhusiwa kushiriki kazi ya mfereji wala maamuzi yake, ingawa nao hulima mashamba hayo hayo. Jambo la pili linatukumbusha kwamba anayeguswa na kanuni apewe nafasi ya kusema.

Tulichokuta katika daftari letu

Turudi kwenye kamati yetu. Tuliweka ubao kioskini. Kila jioni muuzaji aliandika mitungi iliyouzwa na pesa iliyopatikana, na mwanachama yeyote aliweza kulinganisha na mita. Tulitarajia kumkamata mwizi. Mwizi hakupatikana. Kilichopatikana ni daftari la madeni, na majina mengi humo yalikuwa ya wanakamati: sisi wenyewe. Muuzaji alikuwa anaogopa kutudai.

Ilikuwa aibu, lakini tuliisoma orodha mbele ya mkutano. Wanachama wakapitisha kwamba kila mtu alipe kabla ya kuchota, kamati kwanza. Wazee wasiojiweza watajwe kwa majina na mkutano, si na muuzaji. Anayekiuka aonywe mara ya kwanza, na mara ya pili atozwe faini. Pampu haikupona siku moja, lakini miezi iliyofuata pesa ya dizeli ilitosha, na mwenyekiti alikuwa yule yule tuliyetaka kumfukuza.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu

1. Je, mwanachama wa kawaida anaweza kujua leo pesa ya kikundi ni kiasi gani bila kuomba ruhusa?

2. Ni kanuni gani mliyopewa na wafadhili ambayo hakuna anayeifuata? Ninyi mngeiandikaje?

3. Ni nani anayeguswa na maamuzi yenu lakini hajawahi kuulizwa?

4. Kiongozi akikosa, nani anaweza kumwambia?