Ndege Wanaotuaga Mwezi wa Machi

Fungueni Yeremia 8:7. Nabii amtaja korongo na mbayuwayu, kwamba wajua majira yao. Sisi wa Ifakara twaweza kuyaona hayo kwa macho.

Masika inapoanza, mbayuwayu wenye koo jekundu hukusanyika juu ya mashamba ya mpunga. Kisha siku moja hawapo. Wamekwenda Ulaya kuzaa, kwani huko baridi inakwisha na miti inachipua. Zamani watu wa Ulaya walidhani kwamba mbayuwayu hulala matopeni wakati wa baridi. Lakini mwaka 1822, huko Mecklenburg katika Ujerumani, alipatikana korongo mweupe mwenye mkuki shingoni, nao ulikuwa mkuki wa Afrika. Hata leo amehifadhiwa Rostock. Mwindaji yule alikosa kitoweo, akawafundisha wataalamu!

Wako na wasiosafiri. Mnana wa Kilombero, ndege mdogo wa manjano, aliandikwa na wataalamu mara ya kwanza mwaka 1990 tu. Hapatikani po pote duniani ila katika bonde letu. Hufuma kiota chake katika matete ya kando ya mto. Mbayuwayu akikosa mahali hapa, atatafuta pengine. Mnana hana pengine. Basi mkulima asifyeke matete hata ukingoni, bali aache ukanda.

Nawe katekista, mwezi huu uwapeleke watoto wahesabu viota, na kuandika siku mbayuwayu wa mwisho alipoonekana. Wasimame mbali na maji, kwa sababu ya mamba.